Usingizi wa watoto wenye usonji: utafiti umefika wapi, na wazazi wetu niwaambie nini?

Mwalimu_Kitengo (Nakuru)

Salaam kwenu nyote. Ninafundisha kitengo maalum katika shule moja ya msingi ya umma hapa Nakuru. Darasa langu lina watoto 14, na tisa kati yao wana usonji, yaani autism. Mwezi ujao nimepewa saa moja ya kuzungumza na wazazi, na nimeamua kuitumia yote kwa habari ya usingizi, kwa kuwa kila ninapoketi na mzazi faraghani mazungumzo huanzia kwenye masomo na kuishia kwenye usiku.

Jambo hili lilinishika kutokana na kosa langu mwenyewe. Muhula uliopita mvulana mmoja wa miaka minane alikuwa, kila ikikaribia saa nne asubuhi, anavuta mikono ya sweta hadi ifunike viganja, analaza shavu juu ya dawati na kukisukuma kando chochote nilichomwekea mbele. Katika ripoti yake niliandika kwamba ni mkaidi. Nyanya yake, ambaye ndiye anayemlea, alipokuja kuichukua aliniomba nimsomee, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba mtoto huyo alikuwa ameamka saa saba usiku wa kuamkia siku hiyo na hakupata tena hata lepe la usingizi, na kwamba hutokea hivyo mara tatu au nne kila juma. Nilirudi ofisini nikaiandika ripoti upya.

Ninaomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, utafiti wa miaka ya karibuni kuhusu usingizi wa watoto hawa umeelekea wapi, na ni lipi ambalo mwalimu anaweza kulisema mbele ya wazazi bila kuwapotosha? Pili, nimeandaa karatasi ya ukurasa mmoja yenye maelekezo ya kumsaidia mtoto kulala, nikakusudia kuigawa mwishoni mwa kikao, je, inatosha? Tatu, karibu kila nilichosoma kinamzungumzia mtoto mwenye chumba chake, kitanda chake na pazia zito dirishani. Wengi wa wanafunzi wangu hulala watatu kwenye godoro moja, katika chumba ambacho ndicho jikoni na ndicho sebule. Je, utafiti huo una neno lolote kwa nyumba ya namna hiyo?

Msomi_wa_Saikolojia (Kisumu)

Mwalimu, nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ni fupi na huenda likakuokolea gharama ya kuchapisha. Karatasi peke yake haitoshi, na jambo hilo limepimwa. Mwaka 2012 kundi la watafiti ambalo Beth Malow wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alikuwa miongoni mwao, lilichapisha matokeo ya jaribio ambamo baadhi ya wazazi wa watoto wenye usonji walipewa kijitabu cha maelekezo ya usingizi bila mafunzo mengine, na baadhi hawakupewa. Muda ambao watoto hukaa kitandani kabla ya kushikwa na usingizi haukupungua kwa sababu ya kijitabu hicho. Mwaka 2014 watafiti hao walichapisha jaribio jingine, la watoto 80 wa kati ya miaka 2 na 10, ambapo wazazi walifundishwa ana kwa ana, ama mmoja mmoja kwa saa moja, ama katika kikundi kwa saa nne zilizogawanywa mara mbili, kisha wakapigiwa simu kuulizwa wanaendeleaje. Safari hii watoto walilala mapema zaidi, na kati ya njia hizo mbili hapakuwa na tofauti ya kutajika. Ni kweli kwamba jaribio la pili halikuwa na kundi lisilofundishwa kabisa, kwa hiyo tulipokee kwa kiasi. Hata hivyo, ukiyaweka mawili hayo pamoja utaona kwamba mzazi husaidiwa anapoondoka na mpango wa mtoto wake mwenyewe, na anapojua kwamba kuna mtu atakayempigia simu. Saa yako moja ina thamani kubwa kuliko karatasi yako.

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza. Kwa miaka mingi usingizi mbaya ulichukuliwa kuwa kivuli cha usonji: mtoto ana usonji, kwa hiyo halali, na mazungumzo yanaishia hapo. Daktari wa akili aitwaye Leo Kanner, alipowaeleza watoto 11 katika makala yake ya mwaka 1943, hakuuweka usingizi miongoni mwa mambo makuu, na hata mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 unaotumiwa sana katika kutambua usonji haukuuingiza kati ya vigezo vyake. Kilichobadilika katika miaka 20 au 25 iliyopita ni kwamba usingizi umeanza kutazamwa kuwa tatizo lenye sababu zake, linaloweza kupimwa na kutibiwa hata kama usonji wenyewe unabaki pale pale. Makadirio yanayorudiwa sana ni kwamba kati ya nusu na asilimia 80 ya watoto wenye usonji wana shida ya usingizi, ilhali miongoni mwa watoto wengine ni kama robo. Shida zenyewe mara nyingi ni tatu: kuchelewa kushikwa na usingizi, kuamka katikati ya usiku na kukaa macho kwa muda mrefu, na kuamka alfajiri kabla ya wakati.

Upana wa makadirio hayo unatokana kwa sehemu na namna ya kupima. Tafiti nyingi za mwanzo zilitegemea dodoso zinazojazwa na wazazi, na iliyojulikana zaidi ni ile iliyochapishwa na Judith Owens na wenzake mwaka 2000. Baadaye kikaja kifaa kidogo kinachofungwa mkononi kama saa, ambacho hurekodi mtoto anapojigeuza, na katika maabara chache kukawa na kipimo cha usiku mzima kinachofuatilia mawimbi ya ubongo, pumzi na mapigo ya moyo. Kila kimoja kina upofu wake. Mzazi aliyechoka hawezi kujua kwamba mtoto yuko macho kimya gizani, na kile kifaa cha mkononi nacho humhesabu mtoto aliyetulia kuwa amelala. Kuna watoto wengi wenye usonji wasiovumilia kitu chochote mkononi, sembuse nyaya kichwani, kwa hiyo hata wanaopimwa ni wale wanaokubali kupimwa. Mimi hulikumbuka hilo kila ninaposoma jedwali la matokeo.

Katika kutafuta sababu, melatonini ndiyo iliyotangulia. Ni homoni inayotolewa na tezi ndogo ndani ya ubongo giza linapoingia, na ilitambuliwa na Aaron Lerner na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1958. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2005 uliupima mkojo wa usiku wa watoto wenye usonji na kukuta mabaki ya homoni hiyo yakiwa machache kuliko kwa wenzao, na mwaka 2008 kundi la Thomas Bourgeron wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris lilielekeza kidole kwenye jeni mojawapo inayohusika na kuitengeneza. Lakini tafiti nyingine zimekuta watoto wenye usonji ambao melatonini yao ni ya kawaida kabisa na bado wanakesha. Kwa sababu hiyo watafiti wameongeza njia nyingine: wasiwasi, hisi zinazopokea sauti na miguso kwa ukali kupita kiasi, tumbo, kifafa, na madini ya chuma mwilini. Kwa maoni yangu huo ndio mwelekeo wenye manufaa zaidi, kwa sababu unamlazimisha mtaalamu kuuliza mtoto huyu hasa anaamshwa na nini.

Mwelekeo mwingine ni kuuhusisha usiku na mchana. Mtoto aliyelala vibaya huwa na hasira, hurudiarudia matendo, hujiumiza na hushindwa kufuatilia somo, na usumbufu huo wa mchana nao huvuruga usiku unaofuata. Wapo pia wanaochunguza watoto wachanga: mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliofuatilia watoto zaidi ya 400 walionyesha kwamba ugumu wa kushikwa na usingizi katika miezi 6 hadi 12 ulihusiana na namna sehemu moja ya ubongo inayohusika na kumbukumbu ilivyokua kwa wale ambao baadaye walitambuliwa kuwa na usonji. Tafadhali usiwaambie wazazi kwamba kukesha kwa mtoto mchanga ni dalili ya usonji. Utafiti huo haukusema hivyo, na maneno ya namna hiyo husambaa haraka kuliko moto wa nyika.

Kuhusu swali la tatu, umegusa pengo lenyewe. Karibu tafiti zote nilizozitaja zimefanywa Marekani, Kanada na Ulaya. Victor Lotter aliandika kuhusu usonji barani Afrika mwaka 1978 baada ya kuzuru nchi sita, Kenya ikiwemo, na katika miaka ya karibuni watafiti wa Kilifi wamefanya kazi kubwa kuhusu ukuaji wa ubongo na jinsi wazazi wa Pwani wanavyouelewa usonji. Lakini usiku wa mtoto mwenye usonji katika chumba kimoja cha mabati hapa Kisumu, au kwenu Nakuru, bado haujaandikwa inavyostahili.

Hata hivyo tuna jambo moja linalotupendelea. Huko kaskazini jua la kiangazi linaweza kuzama saa tatu au nne usiku, na ndiyo maana wazazi hushauriwa kununua mapazia mazito. Sisi tuko kwenye ikweta. Hapa Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima. Giza letu halibadiliki, nalo ndilo ishara ya kwanza ambayo mwili huifuata. Tunaiharibu wenyewe kwa balbu nyeupe kali katikati ya dari na kwa simu anayopewa mtoto ili atulie wakati chakula kinapikwa. Familia ya chumba kimoja haiwezi kumpa mtoto chumba, lakini inaweza kuzima balbu saa mbili na kuwasha taa ndogo ya sola pembeni, ikiwa imeelekezwa ukutani.

Mama_Nyalenda (Kisumu)

Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni mama wa msichana wa miaka sita mwenye usonji, na tunaishi watu watano katika chumba ulichokieleza. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiambiwa kliniki kwamba watoto hawa ndivyo walivyo, nivumilie. Hakuna aliyeniuliza analala saa ngapi wala anaamka saa ngapi. Ningefurahi sana iwapo wewe utawauliza wazazi wako maswali hayo mawili kabla ya kuwaambia lolote.

Acha nikueleze tulivyopambana na chandarua, kwa sababu sijaona utafiti unaokitaja. Karibu na ziwa huwezi kumlaza mtoto bila chandarua, na binti yangu hakivumilii kitu chepesi kikimgusa uso. Tulipopewa kipya tulikitundika jioni ile ile, kikiwa na harufu kali ya dawa, naye akalia hadi saa sita usiku huku akikivuta kwa vidole vya miguu. Nilidhani anakataa kulala. Muuguzi mmoja ndiye aliyetuambia kwamba chandarua kipya hutandazwa kwanza kivulini kwa siku nzima. Tulifanya hivyo, kisha baba yake akapiga misumari minne karibu na paa, akavuta pembe kwa kamba hadi kikasimama wima kama chumba kidogo, na upande wa kichwani tukakichomeka mbali chini ya godoro ili kisimguse hata akijigeuza. Tangu hapo kulia kwa jioni kulipungua sana. Kuamka usiku kulibaki.

Hapo nilianza kuandika. Nilichukua daftari la kurasa 48 nikachora mistari: saa aliyolala chini, saa aliyoshikwa na usingizi, saa alizoamka, alichokula, na kelele zilizokuwapo. Niliandika kwa majuma matatu. Nilikuwa na hakika kwamba nitakuta mvua juu ya mabati ndiyo inayomwamsha, au televisheni ya jirani ambaye tunagawana naye ukuta. Daftari lilinionyesha jambo jingine. Usiku mbaya ulifuata siku ambazo nilimwacha kwa jirani nikaenda sokoni, na nilipomuuliza jirani nikagundua kwamba huko mtoto alikuwa akilala kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Jirani alifurahi kwamba mtoto ametulia, hivyo hakuona sababu ya kunieleza. Tulikubaliana asilale baada ya saa nane. Jambo la pili lilikuwa chai. Sisi hunywa chai ya maziwa yenye majani mengi pamoja na chakula cha jioni, na yeye alikuwa akimaliza kikombe kizima. Sasa anakunywa uji.

Sisemi kwamba amepona kukesha. Zamani alikuwa akiamka karibu kila siku; sasa huamka mara moja au mbili kwa juma, na mimi nimeanza kuamka nikiwa na nguvu za kufanya kazi.

Tabibu_Kakamega

Nawasalimu Mwalimu na Mama. Ninafanya kazi katika kituo cha afya kaunti ya Kakamega, na ningependa kuongeza upande wa mwili, kwa sababu mtoto asiyesema hawezi kukuambia kwamba anaumwa.

Mwaka jana nililetewa mvulana wa miaka kumi ambaye kwa miezi miwili alikuwa akiamka kila usiku akijipiga shavu. Wazazi walikuja kuomba dawa ya kumlaza. Mama yake alipokuwa akimlisha ugali pale kwenye benchi niliona kwamba kila tonge analisogeza upande wa kushoto, na ute unamdondoka upande wa kulia. Nilipomulika mdomoni nikakuta jino la nyuma limeoza hadi kwenye fizi. Liling'olewa, na juma lililofuata alilala.

Kwa hiyo kabla ya kusema kwamba ni usonji unaomkesha, mzazi amweleze daktari iwapo mtoto anakoroma au anasimamisha pumzi usingizini, jambo linaloweza kutokana na mafindofindo au nyama za puani. Iwapo anapitisha siku tatu au nne bila kwenda haja kubwa. Iwapo mwili unamkakamaa au kumtikisika usiku, kwa kuwa kifafa huonekana zaidi kwa watoto wenye usonji kuliko kwa wengine na wakati mwingine hutokea usingizini tu. Na iwapo ni dawa anazotumia tayari ndizo zinazomvuruga.

Kuhusu madini ya chuma, upo utafiti mdogo wa Toronto wa mwaka 2007 uliowapa watoto 33 wenye usonji dawa ya chuma kwa majuma manane, na usingizi wa kuhangaika ukapungua. Ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la ulinganisho. Nautaja kwa sababu watoto wengi wenye usonji huchagua chakula sana, na damu yao ikipungua miguu haitulii kitandani. Lakini kwetu magharibi, ambako malaria ipo mwaka mzima, mtu asinunue chuma na kumpa mtoto bila kupimwa. Jaribio kubwa lililofanywa kisiwani Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 lilionyesha kwamba kuwapa watoto wadogo chuma kiholela katika eneo lenye malaria kuliongeza magonjwa mazito na vifo. Mtoto apimwe damu kwanza, apimwe malaria, alale ndani ya chandarua, ndipo chuma kitolewe kwa kipimo chake.

Jambo la mwisho nalisema kwa uchungu. Wazazi wengi huwapa watoto hawa dawa ya maji ya mafua au ya mzio kila jioni kwa sababu inasinzisha. Siwalaumu, kwa maana mtu asiyelala miezi sita hushika chochote. Lakini usingizi huo haudumu, mwili huizoea, na kwa watoto wengine dawa hiyo hiyo huwachangamsha badala ya kuwatuliza. Wakizidishiwa ni hatari.

Mwalimu_Kitengo (Nakuru)

Nawashukuru sana. Karatasi nimeiweka kando. Kuna maswali mawili ambayo najua nitaulizwa. Mzazi mmoja amesikia habari za blanketi zito, lile linaloongezwa uzito ili kumtuliza mtoto alale, na anataka fundi amshonee lenye mahindi ndani. Mwingine ana ndugu aliye ng'ambo ambaye amemtumia chupa ya vidonge vya melatonini. Niwajibu vipi?

Msomi_wa_Saikolojia (Kisumu)

Blanketi kwanza. Lilijaribiwa Uingereza na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Watoto 67 wenye usonji walimaliza jaribio hilo. Kila mmoja alijifunika blanketi zito kwa majuma mawili na la kawaida kwa majuma mawili, huku usingizi ukipimwa kwa kile kifaa cha mkononi. Hawakulala zaidi, hawakushikwa na usingizi mapema zaidi, wala hawakuamka mara chache zaidi. Watoto na wazazi walilipenda lile zito, na kupenda huko kuna thamani yake, lakini hakukuwa usingizi. Lenye mahindi ningelikataza kabisa. Litaleta panya na fukusi, na mtoto mdogo asiyeweza kujiondolea uzito usoni yuko hatarini.

Melatonini ina ushahidi bora zaidi kuliko dawa nyingine yoyote kwa tatizo hili, nami sitaki mzazi aondoke akidhani ni upuuzi. Jaribio la Uingereza la mwaka 2012 lililohusisha watoto 146 wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo lilionyesha kwamba walioitumia walishikwa na usingizi mapema kwa dakika 38 hivi kuliko waliopewa kidonge bandia, yaani kisicho na dawa ndani yake, lakini jumla ya usingizi iliongezeka kwa dakika 22 tu, kwa kuwa waliamka mapema zaidi asubuhi. Ndipo ikatengenezwa ile ambayo kidonge chake huiachia polepole mwilini. Mwaka 2017 matokeo ya watoto na vijana 125, karibu wote wenye usonji na ambao mabadiliko ya ratiba na mazoea peke yake hayakuwasaidia, yalionyesha kwamba baada ya majuma 13 walioitumia walikuwa wanalala dakika 57 zaidi kuliko mwanzoni, na wale wa kidonge bandia dakika 9. Mwaka uliofuata ikaidhinishwa Ulaya kwa watoto wenye usonji.

Yaangalie maneno yale, "ambao mabadiliko peke yake hayakuwasaidia". Mwongozo wa Chuo cha Madaktari wa Neva cha Marekani wa mwaka 2020 unafuata utaratibu huo huo: tafuta kwanza ugonjwa au dawa inayovuruga, kama Tabibu alivyosema, kisha wafundishe wazazi, ndipo melatonini ifuate kwa ushauri wa daktari. Na kuhusu ile chupa ya ng'ambo, watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini zilizonunuliwa madukani na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Kiasi kilichokuwamo kilitofautiana na kilichoandikwa, kuanzia pungufu kwa asilimia 83 hadi zaidi kwa asilimia 478, na nane kati yake zilikuwa na serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ambayo haikutajwa kwenye chupa. Mzazi aende nayo kwa daktari kabla ya kuifungua.

Baba_wa_Webuye

Nina neno dogo tu kwa wenzangu wa huku. Kijana wangu wa miaka tisa analala vizuri hadi kutokee msiba kijijini na muziki wa matanga upigwe usiku kucha. Mwanzoni nilimhamishia kwa shangazi yake mjini kila ilipotokea, na hali ikawa mbaya zaidi, kwani alikesha huko na akaendelea kukesha aliporudi. Sasa tunambakisha nyumbani. Tunamvalisha vile viziba masikio vikubwa vya mafundi wa kukata vyuma, tunaufuata utaratibu ule ule wa kila siku, yaani maji ya kuoga, uji, choo, shuka lake la bluu, na mimi kukaa pembeni hadi atulie. Usiku huo hulala nusu tu. Ila siku ya pili anarudi kwenye saa zake.

Mwalimu_Kitengo (Nakuru)

Kikao kilifanyika Ijumaa iliyopita na walikuja wazazi 11. Nilianza kwa maswali mawili ya Mama wa Nyalenda, na yakachukua nusu saa nzima, kwa sababu karibu kila mmoja alikuwa anaulizwa kwa mara ya kwanza. Wawili wametumwa kituo cha afya, mmoja kwa ajili ya kukoroma na mwingine kwa sababu mtoto hukakamaa usiku. Waliobaki kila mmoja alichagua jambo moja la kubadilisha nyumbani, nami nitawapigia simu kila Jumatano.

Nyanya wa yule mvulana hasomi wala haandiki, basi tulimchorea visanduku vya saa zote za usiku, na dada wa mtoto, aliye gredi ya saba, hupaka penseli kila saa aliyolala na kuacha nyeupe aliyokesha. Jumatatu waliniletea za siku tatu za kwanza. Za Ijumaa na Jumamosi zimejaa penseli hadi alfajiri. Ya Jumapili ina visanduku vitatu vyeupe katikati, kuanzia saa saba. Asubuhi hiyo ya Jumatatu nilipomwona anaanza kuvuta mikono ya sweta nilimtandikia mkeka nyuma ya darasa, akalala dakika 40, kisha akaamka na kumaliza kazi yake yote ya kupanga kadi. Swali langu ni hili: je, kwa kumruhusu alale nimeuharibu usiku uliofuata?

Mama_Nyalenda (Kisumu)

Mwalimu, wangu alikuwa akilala saa tisa alasiri, na huyo amelala saa nne asubuhi, kwa hiyo huenda mambo yakawa tofauti. Mwambie dada yake aongeze kisanduku kimoja juu ya karatasi, cha usingizi wa shuleni, na wewe ndiye umpelekee kila jioni idadi ya dakika alizolala darasani. Baada ya majuma matatu mtaangalia pamoja.